Bustani ya Uani ni ya Majani

Chukua kipande cha ardhi cha mita 10 za mraba, yaani urefu wa mita 5 na upana wa mita 2. Nyumba nyingi za Morogoro, Mwanza, Kisumu au Mombasa zina nafasi ya namna hiyo kando ya jiko au kwenye ukuta wa nyuma. Hekta moja ina vipande kama hivyo 1,000. Mkulima mdogo wa Tanzania huvuna wastani wa tani 1.5 hadi 2 za mahindi kwa hekta, kwa hiyo kipande chetu kikipandwa mahindi kitatoa kilo 1.5 hadi 2 baada ya miezi mitatu au minne. Huo ni ugali wa siku moja kwa familia ya watu watano, au wa siku mbili wakijibana. Kikipandwa mchicha, hesabu inageuka. Mchicha uliotunzwa vizuri hutoa tani 10 kwa hekta bila taabu kubwa, na wakulima hodari huvuka kiwango hicho. Kwa kipande chetu hizo ni kilo 10, na huvunwa kati ya wiki ya nne na ya sita. Ukimhesabia kila mtu gramu 80 za majani kwa siku, kilo 10 zinawatosha watu hao watano kwa siku 25. Zikiisha, tuta lililovunwa mwanzo limekwisha kuchipua au kupandwa upya.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa hoja ya makala haya. Wengi wanaoanzisha bustani nyumbani huhangaika kwanza na mbolea, maji na uzio, lakini swali la nini kipandwe hulijibu kwa mazoea ya shambani: mistari miwili ya mahindi, mashina machache ya mihogo, nyanya pembeni. Msimu wa pili bustani inakuwa kichaka na lawama huangukia udongo, ilhali tatizo lilianzia kwenye uchaguzi wa mbegu. Eneo dogo lililo karibu na jiko linafaa kuachiwa mimea yenye sifa tatu kwa pamoja: huharibika haraka ikishachumwa, huchipua tena ikikatwa, na huhitajika kidogo kidogo karibu kila siku. Nafaka haina hata moja kati ya hizo tatu. Mahindi yaliyokaushwa hukaa ghalani kwa miezi, maharage vilevile, na vitunguu maji husafiri mamia ya kilomita bila kupoteza thamani yao jikoni. Hivyo vyote shamba na duka vinaviweza. Majani ya mboga na majani ya kukoleza chakula yana sifa zote tatu, na ndiyo yanayostahili udongo wa uani.

Nyanya huwavutia wengi kwa sababu hakuna mchuzi usioitaka, na kwa hiyo inastahili jibu lake. Zao hili linahitaji miezi miwili hadi mitatu kabla ya kutoa tunda la kwanza, na kipindi chote hicho linaandamwa na magonjwa ya ukungu, mnyauko na wadudu. Mwaka 2014 kantangaze, nondo mdogo ambaye funza wake hutoboa majani na matunda, alithibitika kuingia Tanzania, na tangu hapo wakulima wengi wa nyanya wamelazimika kupiga dawa mara kwa mara. Mtu anayelima hatua chache kutoka mlangoni, watoto wakicheza hapo hapo, hana sababu ya kujitwika vita hiyo. Mashina mawili matatu ya nyanya ndogo hayana ubaya, ila yasiwe ndiyo bustani. Majani mengi huvunwa mapema kiasi kwamba wadudu hawapati muda wa kuzaana sana, na vidukari wanaojitokeza huondolewa kwa kuoshwa na maji au kwa kuling'oa shina lililoathirika.

Sababu ya kwanza ya kuyapendelea majani ni kwamba jani huendelea kupumua baada ya kuchumwa. Hutumia sukari yake lenyewe, hupoteza maji, na vitamini C yake huanza kupungua saa hiyo hiyo. Joto na jua huharakisha hasara hiyo. Mchicha uliokatwa alfajiri, ukafungwa mafungu, ukapanda gari na kushinda mezani sokoni huku ukinyunyiziwa maji ili usinyauke, unaweza kuwa na rangi nzuri jioni na bado ukawa umepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Maji ya kunyunyiza hurudisha sura ya jani, hayarudishi kilichotoka ndani yake. Huko Ulaya na Marekani tatizo hili hutatuliwa kwa magari na maghala ya baridi, gharama ambayo fungu la mchicha la sokoni kwetu haliwezi kuibeba. Kwetu njia rahisi ya kufupisha muda kati ya shina na sufuria ni kufupisha umbali wenyewe, hadi uwe hatua chache.

Sababu ya pili imo ndani ya majani yenyewe, hasa yale ya asili yetu. Kwa majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina takriban miligramu 215 za kalsiamu na miligramu 2.3 za madini ya chuma. Kabichi, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo mboga ya kila siku, ina miligramu 40 za kalsiamu na chuma kisichofika nusu miligramu. Kwa vitamini A pengo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mchicha una karibu mara 30 ya kabichi. Ni kweli kwamba mwili hauchukui kalsiamu yote ya mchicha, kwani jani hilo lina oksalati inayoizuia sehemu yake, lakini hata ukipunguza kiasi hicho faida haifutiki. Mnavu, mgagani, mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga na matembele yako kundi moja na mchicha kwa ubora. Mchicha una sifa nyingine ya kimaumbile: ni miongoni mwa mimea ambayo, kama mahindi na mtama, hutengeneza chakula chake kwa njia inayohimili joto kali na kubana maji. Ndiyo maana hustawi pwani katika jua ambalo letasi na spinachi ya kigeni haziliwezi.

Thamani hii ilidharauliwa kwa muda mrefu. Mboga za asili ziliitwa magugu au chakula cha wasio na kitu, na maofisa wa kilimo walifundishwa kuhimiza kabichi na karoti. Mageuzi yalihitaji watafiti wenye subira. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta alizishughulikia mboga hizi tangu miaka ya 1990, akipima virutubisho vyake na kuboresha mbegu. Mtaalamu wa mimea Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliorodhesha mimea zaidi ya 200 ambayo majani yake huliwa nchini humo. Kule Tengeru, karibu na Arusha, Kituo cha Dunia cha Mboga kimehifadhi na kuboresha mbegu za mchicha, mnavu na nyingine nyingi tangu miaka hiyo hiyo. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya jadi katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Leo mnavu, au managu kama Wakenya wengi wanavyouita, unauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Jambo lililobaki ni uani kwetu kufika pale ambapo sayansi na soko vimekwisha kufika.

Wapo wanaosema bustani ya nyumbani ni mtindo wa kuiga, jambo la wenye nafasi. Mlima Kilimanjaro unajibu kwa karne kadhaa za ushahidi. Kihamba cha Mchagga ni bustani ya nyumbani iliyopangwa kwa ghorofa: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na karibu na ardhi magimbi, mboga na mimea ya dawa, vyote vikimwagiliwa kwa mifereji iliyochimbwa na wazee na kulishwa samadi ya mifugo wanaofugwa nyumbani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Somo lake kwa mwenye uwanja mdogo ni mpangilio. Kila mmea ulipewa mahali pake kwa kadiri ya mwanga unaoutaka na kwa kadiri unavyohitajika jikoni. Anayepanda mchicha chini ya mpapai na mchaichai kwenye kingo za tuta anafuata mantiki ile ile kwa kiwango kidogo.

Kwa majani ya kukoleza chakula, hoja inakuwa na nguvu zaidi. Mtu anayepika mchuzi wa samaki anahitaji vijiti vinne vya giligilani, ile inayoitwa dania Kenya. Sokoni hununua fungu zima, hutumia robo yake, na siku ya tatu kilichobaki kimekuwa cheusi. Mchaichai unahitaji majani mawili kwa birika la chai, mnanaa vijiti viwili, mrehani kiganja, kitunguu majani shina moja. Kwa mimea hii hasara ya fungu lisilokwisha ni kubwa kuliko bei ya fungu lenyewe, na wengi huishia kutoinunua kabisa. Ikiwa uani, huchumwa kwa kiasi cha sufuria iliyoko jikoni. Mchaichai ukipandwa mara moja hugawanywa mashina kwa miaka. Mnanaa na mrehani huota kwa vipandikizi vilivyowekwa kwenye kikombe cha maji mpaka vitoe mizizi, ila mnanaa uwekwe kwenye chombo chake, maana mizizi yake husambaa na kuinyang'anya mimea mingine nafasi. Giligilani hupandwa kwa mbegu zile zile za jikoni, zikivunjwa nusu na kulowekwa usiku mmoja. Inapenda ubaridi na huwahi kutoa maua kwenye joto, kwa hiyo pwani ipandwe kivulini, kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu. Faida ya kiafya ipo pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na chakula chenye harufu nzuri ya majani mabichi kinaweza kupunguziwa chumvi na vidonge vya mchuzi bila walaji kulalamika.

Kulima ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko jikoni, na hapo desturi zetu zina hekima na zina makosa. Hekima ni ile ya nazi, karanga, maziwa na samli. Kiini cha vitamini A kilichomo katika majani ya kijani huyeyuka kwenye mafuta, na bila mafuta sehemu kubwa hupita mwilini bila kutumika. Mchicha wa nazi wa pwani, matembele ya karanga, na mgagani uliolazwa katika maziwa huko magharibi mwa Kenya vinatimiza sharti hilo bila mtu kufundishwa lishe. Ndimu inayokamuliwa mwishoni nayo ina kazi, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea. Makosa ni kukata majani kwanza na kuyaosha baadaye, kuyachemsha mpaka yageuke rangi ya kahawia, na kuzidisha magadi, ambayo hulainisha haraka lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Osha, kisha kata, kisha pika dakika chache. Chai isinywewe pamoja na mlo huo, maana tanini zake huzuia mwili kuchukua chuma. Isubiri kama saa moja.

Mapendekezo haya yana mipaka inayofaa kusemwa waziwazi. Kisamvu kina viini vinavyozalisha sianidi, na ndiyo maana wahenga walikitwanga na kukipika muda mrefu. Anayekifupishia moto anajiweka hatarini. Tunda bichi la mnavu lisiliwe, na majani yake machungu sana huchemshwa na maji yake kumwagwa. Mchicha uliorundikiwa mbolea nyingi ya chumvichumvi hukusanya nitrati, kwa hiyo samadi iliyooza na mboji ni salama zaidi, na samadi mbichi ya kuku isitumike kamwe kwenye majani ya kuliwa, kwani huunguza mimea na hubeba vimelea. Kuhusu tiba, mchaichai na mnanaa ni vinywaji vizuri, na watu wengi huona vinawatuliza tumbo. Kutoka hapo kwenda kudai kwamba jani fulani linaponya kisukari au shinikizo la damu ni kuruka mbali sana. Mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya bustani anaipa bustani kazi isiyoiweza, na mjamzito au anayetumia dawa za kila siku amuulize mhudumu wa afya kabla ya kunywa majani yoyote kama dawa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watafiti wenyewe. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya tafiti 23 kuhusu miradi ya kilimo iliyolenga lishe ya watoto, zikiwemo nyingi za bustani za nyumbani. Mapitio hayo yaliona kwamba familia zilizalisha na kula zaidi vyakula vilivyohimizwa, na kulikuwa na dalili za kuimarika kwa vitamini A, lakini hayakuona uthibitisho kwamba hali ya chuma iliimarika, na ushahidi kuhusu kupunguza udumavu ulikuwa mdogo mno. Waliotangaza bustani kuwa dawa ya utapiamlo wanapaswa kuyasoma matokeo hayo kwa makini. Kwa hoja ya makala haya, matokeo hayo ni msaada. Yanaonyesha bustani inapofaa: katika kuongeza majani kwenye sahani na katika vitamini inayobebwa na majani. Udumavu una mizizi mingine, ikiwemo magonjwa ya kuhara na upungufu wa maziwa ya mama, wa maji safi, na wa protini ya mayai, samaki na maharage. Bustani inayoahidi jambo dogo na kulitimiza ina manufaa kuliko inayoahidi makubwa na kuachwa baada ya mradi kufungwa.

Pingamizi la pili ni la kimfuko: fungu la mchicha gengeni ni bei ndogo, kwa nini mtu ajisumbue? Jibu la kwanza ni kwamba bei hiyo ni ya msimu wa mvua. Kiangazi kikikolea fungu hupungua unene na bei hupanda, na mboga ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye matumizi ya nyumba. Jibu la pili ni maji yaliyotumika kumwagilia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam ulikuta ndani yake madini mazito, ikiwemo risasi, ambayo hayaondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Si haki kumlaumu mkulima wa bondeni, ambaye amelishibisha jiji majani kwa miaka mingi bila kupewa ardhi salama wala maji safi; lawama ni ya viwanda na mifereji inayomwaga uchafu mtoni. Lakini mtu anayelima uani anajua tuta lake limemwagiliwa nini. Sharti la usafi limfunge na yeye pia: asipande karibu na shimo la choo, gereji, ukuta unaobanduka rangi ya zamani, wala ukingoni mwa barabara yenye magari mengi. Udongo ukitiliwa shaka, ajaze udongo mwingine kwenye magunia au vyombo.

Magunia ndiyo jibu pia kwa wasio na ardhi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa mwishoni mwa 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisambaza bustani za magunia katika mtaa wa Kibera, Nairobi, mahali ambapo hata kichochoro ni cha kugombaniwa. Ujenzi wake ni rahisi. Gunia husimamishwa, na katikati huwekwa kopo kubwa lisilo na kitako lililojazwa mawe. Pembeni mwa kopo hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa mawe tena, mpaka gunia lijae na mawe yawe nguzo moja toka chini hadi juu. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji kufika kila upande. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupanda miche ya sukuma wiki, spinachi au mnavu, na juu hukaa giligilani na kitunguu majani. Gunia moja linaloshika nusu mita tu ya sakafu hubeba miche mingi. Mpangaji anayehofia kuhama apande kwenye ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, maana ndoo huhama naye.

Maji ni pingamizi halisi, hasa pale dumu linaponunuliwa. Tuta la mita 10 za mraba wakati wa kiangazi linahitaji takriban lita 40 hadi 50 kwa siku, yaani madumu mawili ya lita 20 au zaidi kidogo. Nyumba isiyo na bomba isianze na tuta la ukubwa huo. Ianze na magunia mawili na ndoo chache. Maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya suuzo la mwisho la nguo yasiyo na dawa ya kung'arisha, hutosha sehemu kubwa ya mahitaji hayo, mradi yamwagwe kwenye udongo na yasiguse majani. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba hufunika udongo usikauke, na umwagiliaji wa jioni hupoteza maji kidogo kuliko wa mchana. Tahadhari moja ni ya lazima: vyombo vya kupandia visituamishe maji. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaana kwenye makopo na sahani za namna hiyo, na Dar es Salaam imewahi kukumbwa na milipuko ya ugonjwa huo, ikiwemo ya 2014 na 2019.

Limebaki swali la nani atafanya kazi. Miradi mingi ya bustani za jikoni, kuanzia ile ya Rwanda hadi mpango wa Kenya wa mwaka 2020 wa bustani milioni moja, imewahutubia wanawake kana kwamba siku zao zina saa za ziada. Bustani inayoongezwa juu ya kuteka maji, kupika na kulea ni mzigo mwingine, hata ukipewa jina zuri. Kwa sababu hiyo udogo wa bustani ni sehemu ya hoja, na mgawanyo wa kazi ni sharti lake. Kubeba udongo, kujenga uzio wa kuzuia kuku na kujaza magunia ni kazi ya siku moja kwa watu wazima wote wa nyumba, wanaume wakiwemo. Kumwagilia na kupalilia tuta dogo ni kazi ya muda mfupi ambayo watoto wakubwa wanaweza kupokezana na wazazi wao. Serikali za mitaa nazo zina jukumu lao. Nairobi ilitunga sheria ya kaunti ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Miji mingine ina sababu ya kuweka wazi kwamba mpangaji ana haki ya kuotesha mboga kwenye ndoo zake na kwamba viwanja vipya vikipimwa viache udongo usiofunikwa na saruji.

Anayetaka kuanza hana haja ya mbegu nyingi. Mchicha unatosha kwa mwezi wa kwanza: mbegu zake ni ndogo sana, zichanganywe na mchanga ndipo zimwagwe kwenye mistari, na miche ikifika kimo cha kidole ipunguzwe na ile iliyong'olewa iliwe. Nusu ya tuta ipandwe sasa na nusu baada ya wiki mbili, ili mavuno yasifike yote siku moja. Marando ya viazi vitamu yenye urefu wa sentimita 30 hivi yatatoa matembele kwa miezi, na sukuma wiki ikichumwa majani ya chini tu itaendelea vilevile. Mnavu usifuate mahali palipotoka nyanya au bilinganya, maana ni ukoo mmoja na huambukizana magonjwa. Mashina mawili ya mchicha yaachwe yakomae, na mbegu za msimu ujao zitakuwa zimepatikana bure. Bustani ikishasimama, isipimwe kwa kilo wala kwa picha nzuri, na isilinganishwe na shamba. Kipimo chake ni idadi ya siku katika wiki ambazo nyumba hiyo ilikula majani mabichi yaliyochumwa siku hiyo hiyo. Nyumba iliyokuwa na siku moja ikifika nne, bustani imefanya kazi yake, na ardhi iliyotumika ni ndogo kuliko kivuli cha mwembe.